Siku Arobaini Bila Harufu ya Dume

Kama kuna kazi duniani isiyo na Jumapili, ni ya kukamua kondoo. Padri anapumzika, mwalimu anapumzika, hata wezi nasikia hupumzika siku ya Pasaka. Kiwele hakipumziki. Asimina alianza kukamua akiwa mke mpya wa miaka kumi na tisa, na sasa ana sitini na nane. Magoti yamekwisha, vidole viwili vya mkono wa kulia havisikii kitu, na bado kila alfajiri alikaa kwenye kigoda, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa kondoo, anavuta. Majike themanini na wawili, asubuhi na jioni. Piga hesabu mwenyewe, mimi nachoka kabla sijafika mwisho.

Zamani alikuwa akikamua na mumewe, Zisis, yeye safu hii na mume safu ile, wakitaniana nani atamaliza kwanza. Miaka mitatu iliyopita mikono ya Zisis ikaanza kutetemeka. Daktari wa binadamu akampa vidonge, vidonge vikampa usingizi, na mikono ikaendelea na mambo yake. Siku moja akapiga ndoo teke bila kukusudia, akataka kuiwahi, akamwaga na ya pili. Asimina akamwambia kwa mzaha, "Wee mzee, nenda kachunge, hapa utatuogesha maziwa." Zisis akacheka, akachukua fimbo yake, akaenda. Tangu siku ile kukamua kukawa kwa Asimina peke yake. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Mambo ya nyumbani ndivyo yalivyo, anayeweza hubebeshwa mpaka asiweze.

Angeweza kuvumilia, kama mambo yangekuwa yanakwenda. Hayakwenda.

Kijijini kwao, chini ya milima ya Pindo, kila mwenye kondoo anataka majike waamke mwishoni mwa Juni, wazae Desemba, na maziwa yawahi kiwanda cha jibini katikati ya majira ya baridi. Hiyo ni kazi ya kulazimisha, kwa sababu kondoo mwenyewe hataki habari za dume mpaka siku zianze kufupika. Lakini wazee walikuwa na njia yao. Sikukuu ya Konstantino na Eleni, Mei ishirini na moja, madume wote wanapelekwa ng'ambo ya mto, mbali, majike wasiwaone, wasiwasikie, wasiwanuse. Wanakaa huko siku arobaini kasoro moja. Sikukuu ya Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni, wanarudishwa kwa mpigo, na majike waliokuwa wamelala wanaamka. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwaka juzi majike wa Asimina hawakuamka. Madume waliingia zizini vifua mbele, wakanusa huku, wakanusa kule, na majike wakawa wanatafuna tu wakiwatazama. Mwaka jana vilevile. Wakashika mimba Oktoba, kwa wakati wao, wakazaa Machi, na majira yote ya baridi Asimina alikuwa anawabebea majani makavu na lusini kwenye theluji, wanakula na kunywa, na tone la maziwa halipo. Walinunua dume mpya. Walibadilisha malisho. Padri alikuja na maji ya baraka akanyunyiza mpaka kwenye hori. Mama mmoja wa kijiji cha jirani, hodari wa kuondoa husuda, alidondosha mafuta kwenye maji, akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka, akasema jicho lililowapiga ni jicho la bluu. Nusu ya kijiji wana macho ya bluu.

Ndipo binti yao wa pekee, Fani, aliyeolewa mjini Larisa, alipokuja Pasaka akawaketisha chini wote wawili.

"Baba, mama, basi tena," alisema. "Chumba cha chini kwetu tumeshakipaka rangi. Mtaua mtu hapa, na mtu mwenyewe ni mama."

"Mama yako ni chuma," alisema Zisis.

"Chuma kinashika kutu, baba."

Wakavutana mpaka mwana-kondoo wa Pasaka akapoa. Mwisho Zisis akainuka, akaweka mkono wake unaotetemeka kwenye sanamu ya Bikira, akaapa: mwaka mmoja tu, huu. Juni hii wakishika, wanabaki. Wasiposhika, vuli kundi linauzwa, nao wanahamia Larisa. Fani akamgeukia mama yake. "Umekubali, mama?" Asimina akasema amekubali. Kila usiku baada ya hapo aliwasha taa ya mafuta mbele ya sanamu na kuomba, lakini alichokiomba hakumwambia mtu, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa anakiomba nusu nusu.

Sasa nikwambie juu ya Kanuti.

Kila kundi la kule lina kondoo kiongozi, dume aliyehasiwa angali mdogo, akalelewa karibu na watu, akavishwa kengele kubwa. Akienda, kundi linakwenda. Na kumhasi kiongozi ni kazi ya mkono, hakuna kisu. Unaishika mishipa kwa juu ya ngozi, unaisokota, unaisukuma, na makende yananyauka yenyewe. Ni kazi ya vidole vinavyojua. Katika vijiji saba vya bonde lile, mkono uliojua kuliko yote ulikuwa wa Zisis. Walikuwa wanamfuata kwa farasi, baadaye kwa pikipiki, baadaye kwa magari. Miaka arobaini na tano hakukosea hata mmoja, na usingemaliza glasi moja ya pombe naye kabla hajakuambia hilo. Kanuti, dume wa kijivu mwenye shingo nene, ndiye alikuwa wa mwisho kuhasiwa na mkono ule, na Zisis alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Alimgawia mkate wake. Alimsimulia habari za siasa.

Siku tisa kabla ya Konstantino na Eleni, daktari wa mifugo akaja kuchukua damu ya kundi, kama kila mwaka. Huyu ni Kaliroi, msichana wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye sauti kubwa na buti za mpira zilizomzidi. Zisis alikuwa ameteremka kijijini kufuata dawa zake. Asimina alikuwa anashika majike mmoja mmoja, Kaliroi anachoma shingoni, anajaza vichupa. Walipokuwa wamefika katikati, Kanuti akaja nyuma, akampiga daktari kichwa cha makalio, akamtupa kwenye majani.

"Ala!" Kaliroi aliinuka akijipangusa. "Huyu mhuni ni nani?"

"Msamehe, mwanangu, ni Kanuti wa Zisis. Kamdekeza. Anawapandapanda hata majike, siku nyingine nacheka mpaka nakaa chini."

Kaliroi hakucheka. Alimshika Kanuti pembe, akazitazama zilivyonenepa mashinani, akapitisha kiganja kwenye manyoya ya shingo, akakinusa.

"Mama, huyu alihasiwa na nani?"

"Na Zisis, na nani mwingine? Wewe mgeni bonde hili?"

"Lini?"

"Itafika miaka mitatu. Mikono ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kumsumbua."

Daktari akapiga goti nyuma ya Kanuti, akapeleka mkono kinenani, akawa anabonyeza huku amefumba macho. Alikaa hivyo muda. Halafu akasema, "Njoo, mama. Lete vidole vyako hapa."

"Viwili vimekufa."

"Lete vilivyo hai."

Asimina akainama, magoti yakalia, akaingiza vidole. Juu kabisa, karibu na tumbo, chini ya ngozi, palikuwa na kitu kigumu cha mviringo kilichoteleza alipokigusa.

"Ni jipu?"

"Ni kende, mama. La kulia limenyauka vizuri. La kushoto halikusokotwa likaisha. Lilipandishwa juu tu, likakaa huko, linafanya kazi yake mpaka leo. Huyu ni dume."

Asimina akaketi kwenye majani. Jambo la kwanza lililomjia ni kicheko, la pili ni baridi.

"Sasa sikiliza," Kaliroi alisema, akaketi naye. "Hawa madume mnaowapeleka ng'ambo ya mto, unajua kwa nini?"

"Ili majike wawasahau."

"Hasa. Lakini anayesahau ni ubongo. Ubongo ndio wenye amri yote hii, si kiwele, si tumbo. Siku zikiwa ndefu, mwanga mwingi, ubongo wa jike unabana. Homoni yake unaidondosha tone moja, kisha kimya, saa nyingi. Chini ya ubongo pana tezi, ndogo, punje ya njegere, nayo inangoja matone hayo. Yasipokuja ya kutosha, haitumi homoni zake kwenye damu, na mayai huko chini yanalala. Siku zikifupika ubongo unalegea wenyewe. Ndiyo Oktoba yenu hiyo."

"Na Juni?"

"Juni ndipo ujanja wa wazee. Dume mgeni akiingia, harufu yake inapita puani mpaka ubongoni, na hapo dakika tu, mama, wala si siku. Ubongo unaanza, tone, tone, tone. Tezi inapokea, inatuma, yai linaamka. Siku ishirini hivi, jike yuko kwenye joto. Lakini sharti harufu iwe ngeni. Akiishi nayo, ubongo unaizoea, haushtuki tena. Ile saa yenu ya ukutani inagonga hadi huku nje, siyo? Unaisikia?"

"Saa gani?"

"Umeona? Umeizoea, huisikii tena."

Asimina akashika shavu. "Kumbe tunawahamisha madume wanne ng'ambo ya mto, na wa tano analala nao zizini."

"Analala nao, na mimba hawezi kuwapa, maana kende likikaa juu hivyo joto la mwili linaua mbegu. Alichonacho ni harufu tu." Kaliroi alifungua mkoba wake. "Nimkate sasa hivi? Nina sindano ya ganzi. Au mpelekeni mbali na wenzake. Vyovyote, mwisho ni Konstantino na Eleni. Mkichelewa hapo, Petro na Paulo itawakuta majike palepale walipo."

"Ngoja," alisema Asimina. "Ni kondoo wa Zisis. Nitazungumza naye mwenyewe."

Wakarudi kwenye vichupa vya damu. Walipokuwa wanamaliza, Asimina akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na jike aliyechoka? Huyo ubongo wake unasemaje?"

"Unafunga. Aliyekonda, aliyefanyishwa kazi kupita kiasi, ubongo unasema hapa hakuna akiba, tusimbebeshe mtoto. Matone yanakatika. Wala si kondoo peke yake, ni kila mnyama anayenyonyesha. Hata sisi."

"Hata sisi," Asimina alirudia.

Usiku ule hakulala vizuri, na si kwa ajili ya Kanuti. Alikuwa anakumbuka miaka yake ya kwanza ya ndoa, walipokuwa wakipanda mlimani na kundi kwa miguu na kushuka nalo, mzigo mgongoni, mkate na kitunguu, kulala muda wa saa nne tu. Siku zake za mwezi zilikuwa zinapotea nusu mwaka mzima. Mama mkwe, Mungu amrehemu kama ataona inafaa, alimwita mti mkavu mbele ya watu. Alimnywesha mizizi michungu. Alimpandisha kwa magoti ngazi za monasteri. Miaka saba ya kusemwa, mpaka alipovunjika mguu, akalala miezi minne kwa mama yake mzazi akilishwa supu na mayai, na mwezi uliofuata akapata mimba ya Fani. Waliita muujiza. Baada ya Fani akarudi mlimani, na mlango ukajifunga tena. Kumbe hakuwa mti mkavu. Alikuwa amechoka tu, na ubongo wake ulijua kabla ya yeye kujua, wala hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Alilia kidogo, kwa hasira, akiwa amempa Zisis mgongo.

Asubuhi alikusudia kumwambia. Zisis alikuwa anakula pai ya viwavi, ile mboga inayowasha, huku akisimulia jinsi Kanuti alivyowavusha wote daraja bila hata mmoja kusita. Asimina akafungua mdomo.

"Chumvi imetosha?" alisema.

"Imetosha."

Siku ya pili alijiambia anamwonea huruma. Mwanamume hana kitu kilichobaki ila jina lake, umwambie nalo limeoza? Siku ya tatu akajiambia hivyo hivyo. Siku ya nne, akiwa kwenye jike wa hamsini na ngapi sijui, mkono wa kulia ukafa mpaka kiwiko. Akaukanda ili upate damu, akangoja, na hapo, hana pa kukimbilia, akajua ukweli. Hakuwa anamwonea Zisis huruma. Alikuwa anajionea yeye mwenyewe. Akisema, Kanuti atakatwa, Juni majike watashika, kiapo kitatimia upande wa Zisis, na yeye atakaa kwenye kigoda hiki mpaka wamtoe kwa jeneza. Akinyamaza siku tano tu, basi. Hakuna dhambi ya kufanya, hakuna uongo wa kutunga. Ni kunyamaza. Usimlaumu haraka. Kaa kwanza kwenye kigoda kile.

Akanyamaza. Siku ya tano, ya sita, ya saba. Kaliroi alipiga simu kuuliza, Asimina akamwambia tunashughulikia, mwanangu, akakata. Chakula kikawa hakina ladha. Zisis naye alikuwa kimya kuliko kawaida yake, anatoka mapema, anarudi akiwa amechelewa, na habari za vijiji saba hazikutajwa mezani. Asimina alidhani ni dawa mpya.

Konstantino na Eleni ikafika. Kengele za kanisa zililia, wakaenda, wakawapa pongezi za sikukuu ya jina akina Konstantino na akina Eleni wote, wakala kitumbua cha asali kwa jirani. Saa nane mchana lori la jirani wa ng'ambo ya mto likaja kuchukua madume. Wanne wakapandishwa kwa kusukumwa matako. Dereva akafunga mlango, akauliza, "Ni hawa tu, mzee Zisis?"

Zisis alikuwa amesimama na fimbo, Kanuti ubavuni kwake. Alikawia kujibu mpaka dereva akatoa kichwa dirishani.

"Ni hawa tu," alisema.

Lori likaondoka. Asimina akashusha pumzi aliyokuwa ameishika siku tisa. Akageuka aende kuosha ndoo, maana saa ya kukamua ilikuwa inakaribia, na Zisis akaja nyuma yake, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani ambacho hakuna aliyekikalia miaka mitatu.

"Asimina," alisema. "Kanuti alitakiwa kwenda nao."

Ndoo ikamponyoka mkononi. "Kwenda kufanya nini?"

"Hakuhasika." Alikuwa anaiambia ardhi. "La kushoto liliniponyoka. Nilihisi wakati ule ule, vidole vilikataa. Nikasema nitarudia kesho, kesho nikaogopa kushika, keshokutwa nikasema labda litanyauka lenyewe. Halafu ukawa mwaka. Nilipoona majike hawaamki, nilijua ni yeye. Mwaka jana nilijua. Leo nilitaka kusema kwa dereva, watu wangeuliza kwa nini, na mdomo haukufunguka."

Jamani, kuna hasira ya mtu aliyeonewa, na kuna hasira ya mtu aliyekamatwa. Asimina zilimjia zote mbili kwa pamoja.

"Ulijua!" alipiga kelele mpaka majike wakainua vichwa. "Mimi nabeba majani kwenye theluji, wewe unajua! Namlipa yule mama apige miayo, wewe umekaa pale pale unajua! Misimu miwili ya baridi, Zisis! Mficha uchi hazai, na wewe umeficha wako ukawazuia themanini na wawili wasizae! Mama yako aliniita mti mkavu miaka saba ukawa unatazama sahani yako. Nyie watu wa nyumba hii mnanyamaza, mimi ndiye ninayelipa!"

"Nilikuwa na haya."

"Haya! Sasa leo haya zimekwenda wapi? Miaka miwili umekaa nayo, ungeshindwa kukaa nayo leo tu? Ungenyamaza nusu saa nyingine lori lingekuwa limevuka mto, na mimi ningekuwa nimekwisha pumzika!"

Maneno yakatoka, na yakishatoka hayarudi. Zisis akainua uso taratibu.

"Ulikuwa unajua," alisema.

Asimina akaokota ndoo. Akaitazama ndani kana kwamba anatafuta kitu humo.

"Daktari alinionyesha. Siku ile alipochukua damu."

"Siku tisa."

"Siku tisa."

"Ukataka wasishike."

"Nimechoka, mzee wangu," alisema Asimina, na sauti yote ya kugomba ilikuwa imekwisha. "Sina neno jingine. Nimechoka mpaka ndani ya meno. Naamka nimechoka. Nikiota, naota nakamua. Mpigie dereva simu, hajafika mbali. Amrudie Kanuti. Utapata kondoo wako Juni, nami nitawakamua, kwani lini sikukamua?"

Zisis alikaa na mikono yake imelala mapajani, inacheza peke yake. Kule zizini majike walikuwa wameanza kujipanga langoni wenyewe, viwele vimejaa, kama kila siku saa hiyo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akahangaika na simu, ikamtoka, ikaanguka kwenye majani. Akaiokota, akajaribu kubonyeza, kidole kikatua kusiko.

"Nibonyezee," alisema, akampa.

Asimina aliichukua. Akatafuta namba ya dereva.

"Siyo huyo. Mpigie Fani."

Akamtazama. Zisis alikuwa anatazama majike. Asimina akabonyeza jina la binti yao, akaweka simu kwenye sikio la mumewe, na kwa kuwa mkono wa mumewe usingeweza kuituliza, akaishika yeye.

"Fani, mwanangu," Zisis alisema kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo wazee wanaodhani simu ni umbali. "Baba yako hapa. Hatujambo. Sikiliza. Mtafute mnunuzi... Ndiyo, wote. Hapana, hatusubiri Juni, Juni hawatashika. Ni kosa la mkono wangu. Kanuti sikumhasi vizuri, likanishinda, nikaficha. Waambie na huko kwenu, wakiuliza, mimi Zisis nilikosea mmoja." Alimsikiliza binti yake. "Kiapo? Kiapo kilikuwa changu, siyo cha mama yako. Mama yako amechoka. Alikuwa amechoka hata kabla hujazaliwa, na mimi nilikuwepo. Haya, huyu hapa."

Akaisukuma simu kwa sikio upande wa mkewe. Sauti ya Fani ilikuwa inatetemeka.

"Mama? Ni kweli? Wewe unataka? Nijibu wewe, usimjibie baba."

Asimina alisubiri moyo wake ukatae. Miaka arobaini na tisa alikuwa anausikia ukikataa kila alipotamani jambo la kwake. Alisubiri, na langoni jike wa kwanza akaanza kulia, wa pili akamfuata. Moyo haukusema kitu.

"Ni kweli," alisema. "Nataka."

Zisis alikuwa ameinuka na kwenda langoni, Kanuti nyuma yake, akawa anajaribu kutoa komeo kwa vidole vile visivyomsikiliza ili majike waingie. Asimina alimwangalia mgongo, machozi yakamdondoka mpaka kwenye simu, akayafuta kwa aproni.

"Mama, bado upo?"

"Nipo. Kile chumba cha chini, Fani, dirisha lake linatazama wapi?"

"Uani, mama. Ukutani kwa jirani."

"Basi tafuta kingine," alisema Asimina. "Baba yako hawezi kutazama ukuta."